Mpasua Maneno

Mwalimu wangu wa Kiingereza alikwenda kumposea mwanawe wa pekee, akaketi kwenye mkeka wa watu, akanywa kahawa yao, akaulizwa kijana wake ni mtu wa vipi, akajibu kwamba hafai. Posa ikafa hapo hapo, kahawa haijapoa.

Mimi sikuwamo. Ami yangu, ndugu ya baba, aliyefuatana na Mwalimu, alikuwamo, na baadaye nilimtafuta mzee mwingine aliyekuwa ameketi upande wa pili wa mkeka nikamwuliza pia. Wanatofautiana kwa mambo madogo. Ami anasema ilikuwa baada ya alasiri, mzee yule anasema baada ya magharibi. Kwa maneno yaliyosemwa hawatofautiani hata kidogo.

Ili jambo lile lieleweke, lazima kwanza nimweleze Mwalimu na mizizi yake. Sisemi kwamba likieleweka litasameheka.

Darasa lake lilikuwa ghorofani, nyumbani kwake katika mtaa wa Kibokoni, juu ya ngazi za mbao zilizolika katikati. Palikuwa na mabenchi, ubao mweusi uliopauka, na dirisha la kuangalia uchochoroni. Tulipanda baada ya shule, mwanzoni mwa miaka ya tisini: watoto wa Mji wa Kale waliotoka madrasa, na watoto wa makarani wa reli na bandari ambao wazazi wao walitoka bara na Jumapili walikwenda kanisani. Shule zetu zilitufundisha Kiingereza kwa kutukaririsha. Mwalimu alifundisha kwa kupasua.

Siku ya kwanza hakuandika Kiingereza. Aliandika kitabu, katibu, maktaba, moja chini ya nyingine, akatugeukia.

"Hivi vina nini?"

Mtoto mmoja wa madrasa akasema: "Kaf, ta, ba."

"Basi mshajua kazi. Wazungu nao wana kaf-ta-ba zao. Wamezichukua kwa Warumi na Wayunani. Mkizijua zile, hamtaokota Kiingereza neno moja moja kama kuku."

Kisha akaandika "port" na kando yake beba. Akatupa "import", tukabeba ndani. Akatupa "export", tukabeba nje. "Transport", tukabeba tukavusha. Nusu ya baba zetu walikuwa wakifanya kazi bandarini, na jioni ile tuliteremka ngazi kana kwamba tumeonyeshwa ufunguo wa lango lenyewe.

"Lipasue," alikuwa akisema, na kwa mkono alionyesha kama mtu anayepasua samaki wa kumkausha awe ng'onda. "Kata kichwa, kata mkia, utauona mgongo." Alitukataza kamusi. Alisema kamusi itakwambia neno limekuwa nani, lakini mzizi utakwambia lilikuwa nani tangu zamani. Nilikuja kujua kwamba kamusi anayo, kubwa, imefungwa kwa kitambaa chini ya mto wake. Mkewe ndiye aliyeniambia, akicheka.

Njia yake ilifaa. Hilo silikatai. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, baba yake mtu wa reli, leo ni muuguzi. Ananiambia siku yake ya kwanza chuoni aliona "hypodermic" kwenye karatasi, wenzake wakatazamana, yeye akasikia sauti ya Mwalimu: chini, ngozi. Mimi niliingia kwenye magazeti. Nilipomweleza kazi niliyopata, Mwalimu alifikiri kidogo. "'Report'," akasema. "Beba, urudishe. Usiongeze kitu njiani." Sijawahi kupewa nasaha bora ya kazi hii, na mhariri wangu wa kwanza alininasihi nusu siku nzima.

Kirumi, yaani Kilatini, alijifunza kwa mapadri, bara, akiwa kijana. Watu wa Kibokoni hawakumwacha alisahau hilo. Mzee mmoja wa barazani, mgonjwa wa miaka mingi, alimsimamisha njiani.

"Mwalimu, nasikia watoto wetu wasomeshwa sala za kanisani."

"Wewe waumwa nini, mzee?"

"Presha."

"Hiyo ni Kirumi. Ukiogopa Kirumi, iache."

Baraza zima likacheka, na mzee mwenyewe akacheka, na toka siku ile wajukuu zake walikuwa darasani. Mwalimu hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe kama mtu anayesubiri mvua, akaenda zake. Kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, sikupata kuiona nje ya kichwa chake. Kahawa alikunywa bila halua. Alipita akisahihisha vibao vya maduka, mpaka muuza madaftari mmoja akachoka.

"Mwalimu, waja kununua chaki au waja kusahihisha?"

"Nipe chaki. Na hilo neno juu ya mlango wako, 'stationary', kwa 'a' ulivyoliandika, maana yake kilichosimama. Ndiyo maana duka haliendi."

Alikuwa na ukavu huo wa kuchekesha, na watu waliupenda kwa sababu uliwapata wengine.

Hakupiga mtu. Wakati ule walimu walikuwa na bakora, naye alizichukia; alisema fimbo ni Kiingereza cha wasiojua Kiingereza. Adhabu yake ilikuwa nyingine. Ukikosa mzizi, na ukakosa tena, alikunyamazia. Hakufukuzi wala hakukaripii. Unakaa pale pale, maswali yanapita mbele yako na nyuma yako, macho yake yanakuruka kama benchi lina pengo. Hakuulizi tena kamwe. Ni wewe uende kwake, usimame, umwambie mzizi kwa mdomo wako, ndipo anasema "Haya," na wewe unarudi kuwa mtu. Wengi tulikwenda kesho yake. Wasichana wengine walikwenda wakilia. Ilikuwa adhabu nyepesi kwa anayeitazama kutoka nje, na wazazi walimsifu kwa upole wake.

Mwanawe alikuwa rika langu na alikaa benchi langu. Alikuwa mtulivu, mikono yake mizuri kwa kila chombo, na hakuwa mjinga. Nimekaa naye ubavu kwa ubavu, najua. Lakini kila alipojikwaa, baba yake alitugeukia sisi, si yeye, akasema: "Mnisamehe, huyu ni wangu." Darasa likacheka. Nilicheka na mimi, kama wote. Ilikuwa sauti ya kuchekesha. Baada ya muda mwanawe akaacha kujibu hata aliyoyajua.

Mzizi wa mwisho alioulizwa ulikuwa "cred". Alisimama, akautazama ubao, akanyamaza. Swali likapita kwa mwingine, akasema "amini", na Mwalimu akaendelea na maneno yake. Kijana akaketi. Hakwenda kesho yake kumwambia baba yake. Hakwenda mwezi ule. Alimaliza shule, hakwenda.

Mwalimu akamnyamazia. Tofauti ni kwamba sisi wengine tulikuwa tukiteremka ngazi tunakwenda kwetu. Yeye kwao kulikuwa humo humo.

Aliyeubeba mzigo ni mama yake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye hakusoma, lakini alikuwa akichagua mchele kwenye ngazi na kutusikia kwa miaka. Mizizi aliijua kuliko wengi wetu. Paka aliwafukuza kwa kusema "ex", toka nje. Niliwahi kula nyumbani mwao wakati ule, watu wanne tumezunguka sinia moja, nikasikia hivi.

"Mwambie huyo apunguze pilipili," alisema Mwalimu.

"Mwambie baba sikuiongeza mimi," alisema mwanawe.

"Mwalimu, asema hakuiongeza yeye. Niliongeza mimi. Na mkono wake u hapo, karibu na wako, ukitaka kumwuliza." Kisha akanitazama mimi. "Kula, mwanangu. Usitutazame. Sisi ni redio mbili na mtu mmoja wa kuzifungua."

Siku za Idd kijana alikwenda kumpa baba yake mkono, na baba yake aliutoa. Mkono ulishikwa, ukaachwa. Hapakusemwa kitu. Mama yake alisimama mlangoni na sahani, kila mwaka, akingoja.

Siku moja nilimwuliza rafiki yangu, huyo mwanawe, mbona asiende tu kusema lile neno, likaisha.

"Nalijua," aliniambia. "Hata paka wa mama walijua. Simwambii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atasema 'Haya'."

Alipopata kazi Mbaraki, gatini, karani wa mizigo, anayesoma maandishi ya makasha mchana kutwa na kuzungumza Kiingereza na manahodha wa Kigiriki na wa Kifilipino, alimpenda msichana wa mtaa wa pili. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuzungumza. Baba wa msichana alikuwa amekwisha kuuliza habari za kijana mtaani, akaridhika. Lililobaki ni wazee kwenda, na maneno kutoka kwa mdomo wa baba, kama ilivyo desturi. Mama yake akamkabili mumewe. Ni yeye aliyenisimulia.

"Mwalimu, mtoto ataka kuoa."

"Nani asema?"

"Mimi."

"Yeye ana mdomo."

"Na wewe una masikio. Utakwenda?"

"Nitakwenda," akasema.

Nyumba nzima ililichukua neno lile kama mwisho wa jambo. Kijana aliipiga pasi kanzu ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, akaitundika mlangoni. Mwalimu akaivaa.

Katika posa za kwetu, lile swali la kijana wenu ni mtu wa vipi si swali. Kila mtu anajua jibu lake. Baba husema: ni mtoto wenu, mkimwona na kasoro mrekebisheni, watu husema inshallah, fatiha husomwa, halua huletwa. Hata mtu ambaye mwanawe ni mlevi husema hivyo, na wenyeji humjua mlevi wao na huitika. Lile swali ni mlango, na mlango hauhitaji kujibiwa, unahitaji kupitwa.

Mwalimu aliulizwa. Aliweka kikombe chini. Ami anasema aliinua miwani yake kwa kidole, vile alivyofanya darasani.

"Ni mtulivu," alisema. "Hanywi, hagombani. Lakini hashiki. Nimemfundisha mwenyewe, miaka, hashiki. Mtu asiyeshika neno sijui atashika nyumba vipi. Ningekuwa na binti, nisingempa."

Ami akacheka kwa nguvu. "Mwalimu ana mzaha."

"Sina mzaha," alisema Mwalimu. "Nimeulizwa."

Nyuma ya pazia, sinia lilisikika likiwekwa sakafuni. Baba wa msichana alikuwa mtu wa heshima. Alisema: "Haya, Mwalimu. Tumekusikia. Nyweni kahawa."

Njiani ami alimshika mkono. "Yakhe, umefanya nini?"

"Waliuliza."

"Lile si swali."

"Lilikuwa swali," alisema Mwalimu. Kisha, ami anaapa, akampasulia neno pale pale uchochoroni, mtu mzima aliyetoka kuvunja nyumba ya mwanawe kabla haijajengwa: "'Verdict'. 'Ver', kweli. 'Dict', sema. Mtu akiulizwa, asema kweli."

Alilifundisha neno hilo hivyo hivyo kwetu, na tuliliandika. Nimekaa sana mahakamani tangu hapo, kwa kazi. Nimesikia neno lile likisomwa mara nyingi. Mizizi yake ni hiyo aliyoisema. Hakutuambia kwamba linaposomwa daima kuna mtu amesimama kizimbani, na kwamba anayelisoma hurudi nyumbani kwake kula.

Usiku ule mkewe hakumpelekea chakula. Asubuhi alimwambia, na hili pia nililisikia kwake: "Neno lile mtoto alijua. Hata mimi nalijua na sikusoma. Amini. Hakukwambia kwa sababu ulimtia aibu mbele za watu, kila siku, na sasa umemtia aibu mbele za watu wengine." Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alasiri alipanda darasani, akafundisha "bene", vizuri, na "male", vibaya. Nilikuwa nimeshaacha kusoma kwake wakati huo, lakini waliokuwamo waliniambia hakukosea hata neno moja.

Msichana aliolewa Lamu mwaka ule ule. Idd iliyofuata rafiki yangu alimpa baba yake mkono kama kawaida, na mkono ukapokewa kama kawaida.

Mama yake alifariki katikati ya muongo ule. Kwenye matanga, baba na mwana waliketi mkeka mmoja wakipokea mikono ya watu. Watu waliwaambia Mungu awape subira, mmoja mmoja, kila mmoja na yake. Mtu aliyezoea nyumba ile alikuwa akigeuza kichwa kumtafuta yule wa katikati, aliyekuwa akipitisha maneno, naye ndiye aliyekuwa amezikwa. Baada ya khitma kijana alichukua nguo zake akahamia chumba cha kupanga Mbaraki. Kutoka Kibokoni mpaka Mbaraki mtu hutembea, wala hatoki kisiwani. Idd hakuja.

Niliendelea kumwona Mwalimu nilipopita. Darasa lilipungua. Watoto walikuwa na vitabu vipya vya mitihani, vyenye majibu nyuma, na wazazi hawakuona haja ya Warumi. Bado alikuwa mzuri. Bado ningempeleka mtoto wangu kwake, na hilo linaniudhi mpaka leo. Sijamsamehe, na hakunikosea mimi. Watu wa baraza bado walimsimulia ile ya presha. Ile ya posa waliisimulia pia, kama kichekesho kingine cha Mwalimu, na walipofika pale pa "nimeulizwa" walijipiga mapaja.

Mara ya mwisho niliyozungumza naye kwa kirefu ilikuwa mwishoni kabisa mwa miaka ya tisini. Gazeti lilinituma Mbaraki kuangalia meli iliyokwama gatini na mabaharia wake. Nilikuwa nikimngoja mpiga picha, aliyetangulia ndani, kwenye kibanda cha mama mmoja auzaye chai, mkabala na lango. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, kanzu yake imenyooka, kofia yake kichwani.

"Salaam aleikum, Mwalimu."

"Aleikum salaam. Bwana beba-urudishe." Macho yake hayakutoka langoni. "Wamtafuta nani?"

"Meli. Na wewe?"

Mama wa chai alinitazama na kuinua nyusi, kama mtu anayesema huyu si mara yake ya kwanza.

"Nimekuja kumwuliza," alisema Mwalimu.

"Kumwuliza nini?"

Alinigeukia, akanitazama kama anavyomtazama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani. "Liko moja tu."

Nilielewa: ule mzizi wa mwisho. Nilikumbuka pia sheria yake, na nilisema bila kupima: "Wewe hukuwa ukiuliza mara ya pili, Mwalimu."

"Siulizi," alisema. Kisha baadaye: "Mke wangu angalikuwa hai, ningemtuma."

Lango lilifunguliwa, wafanyakazi wakaanza kutoka. Wakati huo huo mpiga picha wangu akanipigia kelele kutoka ndani, kwamba mabaharia wamekubali kuzungumza, sasa hivi, kabla nahodha hajarudi. Nikaingia. Nilipogeuza shingo nilimwona rafiki yangu akitoka, mikono mifukoni, na nilimwona akisimama. Walikuwa wamebakiza nafasi kama ya benchi moja kati yao. Midomo ya Mwalimu ilitikisika. Winchi zilikuwa zikifanya kazi, sikusikia.

Nilipotoka, Mwalimu alikuwa mbali, akielekea mjini peke yake, polepole. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

Nilimwuliza mama wa chai. "Mzee aliuliza kitu," alisema, akisuuza vikombe. "Kijana naye akasema kitu. Neno tu. Mzee akavua kofia. Mie nilikuwa na wateja."

Rafiki yangu nilimkuta chumbani kwake jioni ile ile, akitengeneza feni ya jirani.

"Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu."

"Ulimwambia nini?"

Alikaza skrubu mpaka mwisho kabla hajanitazama. "Wewe ulikaa na mimi benchi moja," alisema. "Wewe waonaje?"

Nilikwenda Kibokoni kesho yake kumwuliza Mwalimu. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa, na kitoto kimoja cha jirani kikaniambia hakuna kusoma tena, Mwalimu amewaambia wasije. Niligonga. Nilisikia hatua zake juu, zikija mpaka mwanzo wa ngazi, zikasimama. Nikasema ni mimi, na nina swali moja.

Hakujibu. Nimerudi mara nyingi tangu hapo. Mwanawe hajaonekana Kibokoni, na kila nikimwuliza hunirudishia swali langu: wewe waonaje.